Dozi ya Tatu Hupotea Katika Mwezi wa Tatu

Ziko habari zinazojitangaza zenyewe. Mto ukivunja daraja, kila mtu husikia. Basi likipinduka, habari huenea jioni ile ile. Lakini mtoto akizaliwa katika zahanati ya kijijini, uzito wake usifike kilo mbili na nusu, akafa kabla ya kupewa jina, habari hiyo huishia katika kitabu cha mkunga na moyoni mwa mama yake. Majirani watakuja kumpa pole na kusema, "Ni kazi ya Mungu." Sisi hatuthubutu kubishana na kazi ya Mungu. Twajua tu kwamba vifo vingine vya namna hii ni kazi ya mbu, na kwamba mbu hupata nafasi kwa sababu ya uzembe wetu sisi wanadamu.

Leo tunataka kunena juu ya malaria na mama wajawazito. Hatunuii kurudia mahubiri yaliyozoeleka ya kufyeka majani na kufukia madimbwi, ingawa hayo nayo ni kweli. Tunataka kusema jambo moja tu, nalo ni hili: katika vita hivi nchi yetu haikupungukiwa maarifa, wala dawa yenyewe si ya bei ya kututisha. Kinachotushinda ni wakati. Mama hufika kliniki amekwisha kuchelewa, na hakuchelewa kwa hiari yake peke yake. Mara nyingi tumemchelewesha sisi.

UGONJWA USIOPIGA HODI

Kwanza tuujue ugonjwa wenyewe. Mtu mzima aliyekulia Tabora, Kigoma au Mtwara ameumwa na mbu tangu utotoni, na mwili wake umejifunza kupigana na vijidudu vya malaria. Hata vikiwamo katika damu yake, huenda asione homa wala asitetemeke. Ataamka asubuhi, atachukua jembe na kwenda shamba. Mwanamke huyo akishika mimba huota ndani yake kiungo kipya ambacho mwili haukupata kukilinda, yaani kondo la uzazi. Hapo vijidudu hupata maficho. Hujibandika katika kondo, hujazana humo, na kuzuia chakula na hewa safi visimfikie mtoto kama ipasavyo. Pengine damu ya kidoleni ikipimwa haionekani kitu, kumbe adui amejificha ndani.

Matokeo yake twayajua. Mama hupungukiwa damu, na mama aliyepungukiwa damu akivuja damu wakati wa kujifungua, roho yake imo hatarini. Mimba huweza kuharibika. Mtoto huweza kuzaliwa mfu, au akazaliwa njiti, au akazaliwa akiwa mdogo kuliko inavyostahili. Na mtoto wa namna hiyo huanza safari ya maisha akiwa nyuma ya wenzake.

Anayeumia zaidi katika mikoa yenye malaria nyingi ni mwanamke wa mimba ya kwanza. Sababu yake ni kwamba mwili hujifunza kulilinda kondo kidogo kidogo, mimba baada ya mimba. Yule wa kwanza hajajifunza kitu. Basi msichana wa miaka 18 au 19, asiyejua hata dalili za mimba yenyewe, ndiye anayebeba mzigo mzito kupita wote. Katika mikoa ya baridi yenye malaria chache, kama Kilimanjaro na Arusha, mambo ni kinyume: huko kinga ya mwili ni ndogo kwa kila mtu, na mama mjamzito akiambukizwa, awe wa mimba ya kwanza au ya tano, huweza kuugua vibaya sana kwa ghafla.

Jambo hili si dogo. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kuwa katika mwaka 2023 watu milioni 263 waliugua malaria duniani, na wapatao 597,000 wakafa, wengi wao mno wakiwa watoto wadogo wa Afrika. Katika nchi za Afrika ambazo malaria ni ya kadiri au ni nyingi, mimba zipatazo milioni 36 zilihesabiwa mwaka huo, na katika hizo kiasi cha milioni 12.4 ziliguswa na ugonjwa huu. Katika kila mimba tatu, moja! Kama jambo lingine lolote lingegusa theluthi ya watoto wetu kabla hawajazaliwa, tungelijadili barazani usiku na mchana.

NGAO TATU TULIZO NAZO

Ngao ya kwanza ni chandarua chenye dawa. Tanzania imeisimamia kazi hii kwa miaka mingi. Mwaka 2004 ulianza mpango wa Hati Punguzo, ambapo mama mjamzito alipewa hati kliniki ili anunue chandarua dukani kwa bei nafuu. Mpango huo ulikwisha mwaka 2014, na baada yake vyandarua vimekuwa vikigawiwa bure kliniki na hata kupitia shule. Mama hupewa chake katika hudhurio lake la kwanza. Tunamwomba msomaji aliweke neno hilo akilini, kwa maana tutalirudia.

Ngao ya pili ni dawa ya kukinga, ile wanayoiita SP. Mama hupewa vidonge vitatu kwa pamoja, akavimeza pale pale mbele ya muuguzi, hata kama hajala kitu. Dozi hizo huanza mimba ikiingia mwezi wa nne, si kabla, na hurudiwa katika kila hudhurio, ilimradi umepita angalau mwezi mmoja tangu dozi iliyotangulia, hadi siku ya kujifungua. Zamani mama alipewa dozi mbili tu. Mwezi wa Oktoba 2012 Shirika la Afya Duniani likabadili shauri hilo, likataka dozi katika kila hudhurio lililopangwa, na zisipungue tatu.

Ngao ya tatu ni tiba ya haraka mama anapougua. Hapa napo maarifa yamesonga mbele: tangu mwaka 2022 Shirika hilo limeshauri kwamba dawa mseto ya artemeta na lumefantrini itumike hata katika miezi mitatu ya kwanza ya mimba, ambapo zamani wataalamu walikuwa na hofu.

Wako wanaouliza, na swali lao si la kijinga: mbona hii SP ilikuwa dawa ya kutibu malaria, kisha ikaondolewa kwa sababu vijidudu viliizoea? Ni kweli. Mwaka 2001 Tanzania Bara iliiweka SP mahali pa klorokwini, na haikupita miaka mingi, kati ya mwaka 2006 na 2007, dawa mseto ikachukua mahali pake. Huko Muheza, mkoani Tanga, wataalamu walikuta vijidudu vilivyokuwa sugu sana kwa SP. Lakini kumtibu mgonjwa ni kazi moja, na kumkinga mama ambaye mwili wake una nguvu zake ni kazi nyingine. Mwaka 2023 yalitangazwa majibu ya jaribio kubwa lililofanywa Kenya, Malawi na Tanzania, kwa wanawake zaidi ya 4,600, likiipima SP pamoja na dawa mpya iliyotazamiwa kuchukua nafasi yake. Dawa ile mpya ilizuia malaria vizuri zaidi. Lakini ilipokuja hesabu ya watoto waliozaliwa salama, haikuishinda SP, na kwa uzito wa mtoto SP ndiyo iliyotangulia. Kwa hiyo anayewaambia akina mama kwamba vidonge vile ni makapi anawapotosha.

Yapo maangalizo mawili ambayo muuguzi anayajua, nasi tunayaandika ili mama naye ayajue. Mama anayeishi na virusi vya UKIMWI, ambaye tayari anakunywa kotrimoksazoli kila siku, asipewe SP, maana dawa hizo mbili ni za ukoo mmoja na zikikutana huweza kumdhuru. Na vidonge vya foliki asidi vya kuongeza damu viwe vile vidogo vya miligramu 0.4 kwa siku; vikiwa vya miligramu 5 huivunja SP nguvu.

HESABU YA MIEZI

Sasa tufike kwenye kiini cha shauri letu. Uchunguzi wa Taifa wa mwaka 2015 na 2016 ulitoa hesabu nne ambazo yafaa zisomwe pamoja. Katika kila wanawake 100 waliopata mimba, 98 walihudhuria kliniki kwa mtaalamu angalau mara moja. Waliohudhuria mara nne au zaidi walikuwa 51. Waliofika katika miezi mitatu ya kwanza walikuwa 24 tu. Na waliopata dozi tatu za SP walikuwa 8.

Tuzitazame tena. Wanawake 98 kati ya 100! Hawa si watu wanaoikataa kliniki. Hawa si watu wa kuambiwa kila siku kwamba ni wajinga na wameshika mila mbovu. Mlango wa zahanati wanaujua na wanauamini. Lakini kati ya mlango ule na dozi ya tatu, tisini katika mia wamepotea njiani. Mwaka 2017 hesabu ilipanda, wakawa 26 waliopata dozi tatu, na uchunguzi wa mwaka 2022 ulionyesha kupanda tena. Tunawapongeza wauguzi na wakunga walioifanya kazi hiyo. Hata hivyo, katika Afrika yote yenye malaria, mwaka 2023 waliofikiwa na dozi ya tatu walikuwa kiasi cha 44 tu katika mia. Nusu bado haijafika.

Tumfikirie binti mmoja, wala hatumtaji jina kwa kuwa majina yake ni mengi. Ana miaka 19, na hii ni mimba yake ya kwanza. Mwezi wa pili anashuku. Mwezi wa tatu anajua, lakini ananyamaza, maana mimba changa haitangazwi, na mwenye mimba yenyewe hajajitokeza kwao. Mwezi wa nne na wa tano ni wakati wa palizi, na zahanati ni mwendo wa saa mbili kwa miguu. Mwezi wa saba anafunga khanga na kwenda. Anafika, anaulizwa, "Mwenzio yuko wapi?" Anaambiwa arudi na mume, au alete barua ya mwenyekiti wa kitongoji. Mwenyekiti amesafiri. Zinapita wiki mbili. Anarudi na barua, anapewa dozi ya kwanza na chandarua, mimba ikiwa ya wiki 30. Akija tena wiki ya 34, anaambiwa SP imekwisha, ajaribu wiki ijayo, anajaribu, anaipata. Dozi ya tatu angeipata wiki ya 39. Wiki ya 38 anashikwa na uchungu.

Ndugu msomaji, katika kisa hiki hakuna mwovu hata mmoja. Muuguzi alifuata utaratibu. Mwenyekiti alikuwa na safari yake. Bohari ilichelewa kama bohari zinavyochelewa. Binti mwenyewe alifanya kama mama yake alivyofanya. Lakini mtoto yule amelala katika kondo lililovamiwa tangu mwezi wa tano, na chandarua ambacho kingemkinga mama yake tangu mwezi wa pili kilikuwa kimekunjwa katika stoo ya zahanati, kinamngoja. Ndiyo maana tunasema kwamba dozi ya tatu haipotei mwezi wa tisa. Hupotea mwezi wa tatu, siku ile binti alipojua na akanyamaza, nasi tukaona kimya chake ni adabu.

NANI ALIYEMCHELEWESHA

Waswahili walisema, mficha uchi hazai. Wazee hao hawakuwa wachache wa adabu. Walijua kwamba kuna jambo ambalo haya ikilitawala, uhai hupotea. Lakini tusimhukumu binti kabla ya kujihukumu wenyewe. Kabla ya Novemba 2021, msichana wa shule aliyeshika mimba alifukuzwa na hakuweza kurudi katika shule ya kawaida ya Serikali. Msichana gani angekwenda kliniki mwezi wa tatu, ili kadi yake iwe shahidi wa kumfukuzisha? Serikali iliufungua mlango huo Novemba 2021, na ilifanya vema. Sharti sasa wazazi na walimu nao waufungue mioyoni mwao, maana sheria hubadilika kwa siku moja, lakini woga wa msichana hauondoki kwa tangazo.

Pili, tuseme wazi juu ya agizo la kuja na mume. Nia yake ilikuwa njema: baba naye apimwe afya, asikie mafundisho, ajue kwamba mimba si kazi ya mwanamke peke yake. Nia hiyo tunaiunga mkono. Lakini katika baadhi ya zahanati nia njema imegeuka kizuizi, na mwanamke asiye na mume, au ambaye mume wake yuko mgodini au ziwani, anarudishwa nyumbani mikono mitupu. Hii ni kuiadhibu mimba kwa kosa la baba. Mume aalikwe, ahimizwe, hata apewe nafasi ya mbele katika foleni akifika na mkewe; lakini mama aliyefika peke yake asirudishwe hata siku moja.

Tatu, akina mama wengine wakifika mapema huambiwa, "Bado mimba changa, njoo mwezi wa nne, ndipo dawa huanza." Hili ni kosa kubwa. Ni kweli SP haianzi kabla ya mwezi wa nne, lakini chandarua hakina mwezi. Kupima damu hakuna mwezi. Mama aliyetembea saa mbili akarudishwa hivi hivi, atarudi lini? Atarudi mwezi wa saba.

Nne, akina baba. Wengi wetu hudhani kwamba kliniki ni mambo ya wanawake. Lakini nauli ya pikipiki iko katika mfuko wa nani? Ruhusa ya kuacha palizi siku moja hutoka kwa nani? Na chandarua kilichotolewa kwa ajili ya mama, je, hakijapata kuonekana kimetandwa juu ya kitanda cha baba, au kimezungushiwa bustani ya mchicha, au kimeshushwa ziwani kuvua dagaa? Tusiwatafute wachawi mbali.

MGENI NA JEMBE

Lipo neno moja la mwisho, nalo linatuhusu sote kama Taifa. Mwaka 2005 Marekani ilianzisha mpango wa Rais wake wa kupambana na malaria, na Tanzania ilikuwa moja ya nchi tatu za kwanza, pamoja na Uganda na Angola. Kwa karibu miaka ishirini msaada huo ulinunua vyandarua, dawa na vipimo, na si uungwana kuusahau wema. Lakini Januari 2025 serikali mpya ya huko ilisimamisha misaada ya nje kwa amri moja, na kufikia Julai mosi mwaka huo shirika lao la misaada, USAID, lilikuwa limekoma kuiendesha kazi hiyo. Nchi nyingi za Afrika ziliamka na kukuta kwamba dawa za watu wao zilikuwa zikitegemea kalamu ya mtu aliye ng'ambo ya bahari.

Wazee wetu walisema, mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Sisi tulimgeuza mgeni akawa mwenye nyumba, tukamwachia jembe, shamba na ghala. Hatusemi misaada ikataliwe. Chandarua ni chandarua, atokaye nacho awe nani. Tunasema kwamba katika mambo yote ya tiba, vidonge vitatu vya SP ni miongoni mwa vitu rahisi kabisa. Halmashauri inayoweza kutia mafuta katika magari ya viongozi mwaka mzima haiwezi kusimama mbele ya wananchi ikasema kwamba imeshindwa kuweka SP katika zahanati zake. Ikisema hivyo, haikushindwa, haikuchagua.

YATENDEKE HAYA

Shauri letu ni fupi. Kila serikali ya kijiji iandikishe mama wajawazito mapema kupitia wahudumu wa afya wa jamii, kwa siri na kwa heshima, bila kuuliza mimba ni ya nani. Kila mama afikishwe kliniki kabla ya mwezi wa tatu kwisha, apewe chandarua siku hiyo hiyo. Barua ya mwenyekiti isiwe tiketi ya kupata huduma. Diwani akikagua zahanati, pamoja na kuhesabu mabati na madirisha, aulize maswali mawili: SP imekosekana siku ngapi tangu nilipokuja mara ya mwisho? Na katika wanawake waliojifungua mwezi uliopita, wangapi walipata dozi ya tatu? Majibu yake yasomwe katika mkutano wa hadhara, kama yanavyosomwa mapato na matumizi.

Watoto hao tunaowasema bado hawajazaliwa. Hawana kura, hawana barua za kutuandikia, wala hawawezi kuja ofisini kulalamika. Mwakilishi wao ni mama mmoja anayetembea njia ya vumbi kuelekea zahanati. Asirudishwe.